Nyota Tano Kwenye Matangazo ya Jumapili

Mkasa huu nimeukwepa muda mrefu, siyo kwa sababu ni siri (siri gani, wakati kigango kizima kiliusikia, tena mara tano), ila kwa sababu kila nikifika katikati masikio yananiwaka moto kama vile bado nimesimama pale mbele na joho langu la kwaya. Lakini nimechoka kusikia watu wakiusimulia vibaya. Juzi kaja mtu wa Kirando, ambaye sijawahi kumwona hata siku moja, akanisimulia mimi mwenyewe aibu yangu mwenyewe dukani kwangu, bila kujua anaongea na nani, na mwisho akasema eti yule jamaa alizimia. Sikuzimia. Nilitamani kuzimia, hilo sikatai, lakini mwili uligoma.

Naitwa Deogratias, Deo kwa wanaonijua. Wakati huo nilikuwa na kiduka cha steshenari pale Majengo, Sumbawanga, natoa fotokopi, naprinti, natengeneza kompyuta zilizoshindikana kwingine. Kanisani nilikuwa naimba besi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na printa isiyotafuna karatasi, nilipewa pia kazi ya kuandaa matangazo ya Jumapili. Kila kikundi kilinitumia tangazo lake kwa simu: jumuiya hii inatangaza usafi, akina mama wanatangaza kikao, katekista anatangaza ndoa. Mimi kila tangazo naliweka kwenye faili lake, tangazo la kwanza, la pili, la tatu, hivyo hivyo, halafu mwisho nayaunganisha yote yawe karatasi moja ya kusomwa mimbarini.

Mwanzoni nilikuwa naunganisha kwa mkono, nakopi huku nabandika kule, kazi ya dakika tano. Sasa mimi ni mtu ambaye kazi ya dakika tano naweza kutumia siku mbili kutafuta namna ya kuifanya kwa sekunde moja. Laptopu yangu inatumia Linux, ina lile dirisha jeusi unaloandika amri kwa maneno, basi nikaandika skripti, yaani orodha ya amri ambayo ukishaiandika mara moja mashine inaifuata yenyewe kila ukiiita. Yangu ilikuwa na mistari sita tu: chukua tangazo la kwanza, weka mstari wa kutenganisha, chukua la pili, weka mstari wa kutenganisha, endelea mpaka yaishe, na ule mstari uje kati ya tangazo na tangazo tu, usije mwanzoni wala mwishoni. Ilinipa raha sana. Nilimwonyesha hata Fortunata.

Fortunata alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache na macho yanayoongea. Aliangalia, akaniuliza, "Sasa Deo, si ungebandika tu kwa mkono?"

Nikamwambia, "Wewe huelewi teknolojia."

(Nayaandika haya maneno ili mjue kwamba yaliyonipata nilistahili.)

Kuna watu wawili wengine lazima muwajue. Wa kwanza ni mama yake, Mama Fortunata, mjane, analima ulezi na mahindi, na mtoto wake ni huyo mmoja tu. Ni mama mkimya, lakini ukimya wake ulikuwa na uzito, akikuangalia unajikuta unarekebisha kola hata kama umevaa fulana. Kila nilipokwenda kwake kusalimia nilikuwa nasema maneno mengi kwa woga, na katika kusema mengi nikawa nakaribia kusema yasiyotakiwa, mpaka Fortunata akanishauri niyaandike mahali yale mambo ambayo sitakiwi kuyagusa kabisa, niwe nayasoma kabla ya kwenda. Nikaandika faili. Nikalipa jina linaloeleweka, maana mimi ni mtu wa kupanga vitu: "Mambo ya kutomwambia Mama Fortunata". Nikalihifadhi kwenye laptopu, pale pale kwenye uso wa kwanza ukiwasha, ambako natupa kila kitu changu, yakiwemo matangazo ya kanisa.

Wa pili ni Mwalimu Kasiani. Huyu alishastaafu, amewafundisha Kiswahili nusu ya watu wa mji, na ndiye alikuwa msomaji wetu wa matangazo. Alikuwa na msimamo mmoja ambao kila mtu aliujua, kwamba kazi ya msomaji ni kusoma kilichoandikwa, siyo kusoma anachofikiri kingeandikwa. Ukimwandikia "kikao saa nane usiku" badala ya mchana, atasoma saa nane usiku, halafu atakutazama wewe uliyeandika.

Basi Jumamosi moja mchana Mwalimu akaja dukani, amevaa koti lake zito (upepo wa mwezi ule ulikuwa haumchagui mtu), akaketi, akavua miwani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Deogratias. Nimekuja kwa jambo dogo. Vile vistari unavyoweka kati ya tangazo na tangazo vinanisumbua macho. Naviona kama neno limefutwa, nasimama natafuta neno. Huwezi kuweka nyota? Zamani sisi tukipiga chapa tulikuwa tunaweka nyota tano katikati. Zinapendeza."

"Nyota tano Mwalimu? Hiyo ni dakika moja tu."

Kweli haikufika hata dakika. Nikafungua skripti, nikafuta vile vistari, nikapiga nyota tano, nikahifadhi, nikamwambia imekwisha, akanipa mkono, akaondoka ameridhika. Nikaijaribu? Sikuijaribu. Nijaribu nini, nimebadilisha vistari kuwa nyota, ni kama kubadilisha kifungo cha shati.

Sasa hapa niwaeleze kitu kimoja kidogo, ndicho kilichoniua. Kwenye lile dirisha jeusi nyota siyo pambo. Nyota ni amri. Ukiiandika peke yake, mashine inaelewa kwamba unataka majina ya mafaili yote yaliyopo mahali ulipo, inayakusanya kwa mpangilio wa alfabeti, pamoja na mikia yao ya txt na pdf, na kukuwekea badala ya nyota, na hata ukiziandika tano kwa pamoja kwake ni amri ile ile moja. Kama unataka nyota iwe nyota tu, unaizungushia alama za usemi, zile zile za kufungua na kufunga maneno ya mtu, basi mashine inaiacha kama ilivyo. Hili nalijua. Nimewahi kumfundisha mtu hili kwa ukali. Na pale nilipoziandika zile nyota alama nilikuwa nimeziweka, lakini chini kidogo, pale ninapoiambia mashine sasa uchapishe huo mstari, alama sikuwa nimeweka tangu siku ya kwanza. Vistari havikuwahi kudai alama, vilitoka vizuri wiki zote, mimi nikajua skripti yangu haina kasoro.

Jumapili asubuhi nikawahi dukani, umeme unakuja unakata, unakuja unakata, nikaita skripti haraka, nikatuma kwenye printa. Zikatoka karatasi mbili badala ya moja. Niliona. Nataka niwe mkweli, niliona kabisa kwamba ni mbili, na nilichofikiri ni kwamba siku hizi kigango kinakua, matangazo yameongezeka. Nikazikunja, nikakimbia, nikamkabidhi Mwalimu Kasiani mlangoni mwa sakristia, nikaenda kuvaa joho. Nilikuwa na furaha zangu, maana siku hiyo tangazo la tano lilikuwa langu: tangazo la ndoa, mara ya pili, Deogratias na Fortunata.

Misa ikaenda vizuri. Baada ya komunyo Padre akakaa, Mwalimu akapanda mimbarini, akakohoa, akaanza.

"Tangazo la kwanza. Usafi wa kigango ni Jumamosi saa moja asubuhi, mje na majembe na mafagio." Akasogeza karatasi karibu na macho. Akaendelea kwa sauti ile ile ya darasani, kila neno limenyooka. "Barua ya tatu kwa Fortunata nisamehe, nukta, t, x, t."

Mimi nilikuwa nimeinama natafuta ukurasa wa wimbo wa mwisho. Nikasikia jina la Fortunata nikafikiri nimesikia vibaya.

"Dawa ya kukoroma bila kwenda hospitali, nukta, p, d, f."

Nikainua kichwa. Hayo yalikuwa majina ya mafaili ya laptopu yangu.

"Mahubiri marefu ya Padre nililala, nukta, m, p, tatu."

Padre akafungua jicho moja. (Nilikuwa namrekodia mama yangu mahubiri, maana miguu ilikuwa inamsumbua na hafiki kanisani, na ile rekodi niliipa jina hilo ili nikumbuke ni ipi. Naapa nia yangu ilikuwa njema.)

"Mambo ya kutomwambia Mama Fortunata, nukta, t, x, t."

Mama Fortunata alikuwa benchi la tatu, upande wa akina mama, kitenge cha kijani. Hakugeuka haraka. Angegeuka haraka ningepumua. Aligeuka taratibu, kichwa kwanza, halafu mabega, mpaka akanipata kule nilikojificha nyuma ya soprano mmoja mnene, akaniangalia, akarudi mbele vile vile taratibu.

"Matangazo, nukta, t, x, t. Mwalimu Kasiani akisinzia mazoezini..."

Hapo Mwalimu akakatiza kusoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akarudia kuanzia mwanzo kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu alidhani amesoma vibaya: "Mwalimu Kasiani akisinzia mazoezini, nukta, m, p, nne." Halafu akamalizia yote yaliyobaki, tangazo moja nukta t x t, tangazo mbili nukta t x t, mpaka sita, na mwisho kabisa "unganisha, nukta, s, h," ambalo ndilo jina la skripti yenyewe. Hata mhalifu alijitaja.

Akavuta pumzi. "Tangazo la pili."

Na mimi ndiyo nikakumbuka. Matangazo ni sita. Kati ya matangazo sita kuna nafasi tano.

Semina ya kipaimara ikasomwa, na baada yake, bila huruma, "Barua ya tatu kwa Fortunata nisamehe, nukta, t, x, t." Sasa watu walishaanza kuangaliana. Wazee wawili upande wa wanaume walikuwa wanaulizana kwa kunong'ona kama hiyo dawa ya kukoroma inatolewa baada ya Misa au mpaka uandikishe jina. Nikaanza kumpungia Mwalimu mkono kutoka kwaya. Haoni. Nikapunga kwa mikono miwili, mwenyekiti wa kwaya akadhani naomba tuanze kuimba, akatikisa kichwa kunikatalia.

Nikaamua kwenda. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu wa pili mbaya kwa siku hiyo, maana ili nifike mimbarini lazima nipite nyuma ya kinanda cha umeme, na joho letu lina mikono mipana kama magunia. Mkono wa joho ukapita juu ya vifungo vya kinanda, nikasikia kitu kinabonyea, na kanisani ikaanza ngoma ile ya ndani ya kinanda inayojipiga yenyewe, mdundo wa harusini kabisa, tena kwa sauti ya juu. Mpiga kinanda alikuwa ametoka nje kidogo. Mimi kinanda sikijui. Nikabonyeza kifungo, mdundo ukaongeza kasi. Nikabonyeza kingine, zikaingia tarumbeta. Mwalimu Kasiani hakusita hata kidogo, alipandisha tu sauti juu ya tarumbeta: "Tangazo la tatu! Kikao cha akina mama!" Mwishowe nikachomoa waya ukutani.

Nikafika mimbarini nimelowa jasho, mimi mtu wa Sumbawanga, asubuhi ya baridi. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, samahani, hizo karatasi zina kosa, naomba nizichukue."

Kipaza sauti kilikuwa mbele yetu. Kigango kizima kilimsikia akinijibu, "Deogratias, rudi ukakae. Zamu yako inakuja, ni tangazo la tano."

Watu wakapasuka. Nilirudi kwenye benchi nikiwa natazama sakafu, na nyuma yangu orodha ikaanza upya mara ya tatu, na safari hii watoto wa mbele walishaikariri, Mwalimu akisema "nukta" wao wanamalizia "t, x, t!" kama wako darasani. Likafuata tangazo la nne, amepatikana mbuzi dume mweusi, mwenyewe aonane na katekista, halafu tena barua, tena dawa, tena Padre na mahubiri yake marefu. Padre mwenyewe alikuwa ameziba uso kwa leso na mabega yanatikisika, nikaomba Mungu iwe ni kilio.

"Tangazo la tano. Tangazo la ndoa, mara ya pili. Ndugu Deogratias wa kigango hiki anatarajia kufunga ndoa na Bi Fortunata wa kigango hiki. Yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii atoe taarifa."

Na Mama Fortunata akasimama.

Fortunata, aliyekuwa amekaa nyuma yake na wenzake, akaweka mikono usoni. Mama akarekebisha kitenge begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Baba Padre, kizuizi mimi sikijui. Ila nimetajwa hapa mara nne. Naomba kujua hayo mambo ya kutoniambia ni mambo gani."

Kanisa lilicheka mpaka watoto wachanga wakaamka. Padre akatoa leso, macho mekundu (kicheko, siyo kilio), akasema, "Mama, una haki kabisa. Myamalize hapo nje baada ya baraka. Na mimi yapo ya kwangu nitakayoongea na huyu kijana."

Mngedhani Mwalimu ataishia hapo. Aliinua mkono kuomba utulivu, akasema, "Naomba niendelee," akasoma orodha mara ya tano, na kigango kizima kikaisoma pamoja naye, wanaume kwa wanawake, neno kwa neno, mpaka "unganisha, nukta, s, h."

Baada ya baraka nilifikiria kutokea mlango wa sakristia. Sikufika mbali. Mama Fortunata alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ukutani, mahali jua linapopiga, na Fortunata amesimama pembeni. Watu wengi ghafla walikuwa na kazi za kufanya eneo lile, mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anapangusa baiskeli ambayo nadhani haikuwa yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua hiyo mashine usome."

Laptopu ilikuwa kwenye begi langu. Nilimtazama Fortunata aniokoe, akatazama mawingu. Nikafungua. Faili lilikuwa na mambo matatu tu, na nikaanza na la chini kwa sababu lilikuwa jepesi.

"La tatu," nikasema. "Lile sweta ulilonifumia linanibana makwapani."

"Umelivaa sasa hivi?"

"Nimelivaa, mama. Chini ya joho."

Akatikisa kichwa polepole. "Endelea."

"La pili ni jogoo." Nikainamia laptopu. "Yule jogoo wako mwekundu aliyepotea. Nilimgonga na pikipiki pale kona ya kisima, nikaogopa kukwambia, nikamzika."

Mama akafumba macho. Hapo ndipo nilipoona kwamba hili ndilo lililomwingia. "Deo," akasema, "mimi yule jogoo nilisema kaliwa na jirani yangu Leokadia. Nimemnunia miezi mitatu. Kanisani namkwepa tunapopeana amani ya Kristo. Kumbe nina dhambi za watu bure kwa sababu yako?"

Nikamwomba msamaha.

"La kwanza?"

La kwanza halikuwa la kuchekesha. Fortunata alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda shule ya kule Kasanga, ziwani, na tulishakubaliana kwamba baada ya harusi tutahamia kule wote wawili, mimi nifungue duka karibu na bandari, watu wa mizigo wanahitaji karatasi kila siku. Mama angebaki peke yake na shamba lake. Kila wiki tulisema tutamwambia wiki ijayo. Fortunata akaja akasimama karibu yangu, akasema yeye mwenyewe, "Mama, nimehamishiwa Kasanga."

Yule jamaa wa kamba za viatu aliinuka akaondoka, kumbe naye ana aibu.

"Najua," mama akasema. "Ile barua uliiacha ndani ya mfuko wa gauni ulilonipa nikufulie. Nimeisoma. Nikasema nisubiri waniambie wenyewe. Wiki sita nasubiri. Kila mkija nasema leo wataniambia, Deo anaongea, anaongea, anaongea habari za printa, halafu mnaaga."

Fortunata akaanza kulia. Na mimi, kwa mshangao wangu, nikalia pia, nikiwa na joho la kwaya na laptopu magotini, mbele ya watu. Mama akatuacha tulie kidogo, halafu akasema, "Mimi siwazuii. Kasanga siyo mwisho wa dunia, ni kushuka tu ziwani. Lakini mtu akinificha kitu kwa kunionea huruma ananifanya mzee kabla ya wakati. Haya, futa hilo faili. Na wewe Deo simama, tunakwenda kwa Leokadia sasa hivi, utamweleza mwenyewe habari za jogoo."

"Sasa hivi mama? Na joho hili?"

"Na joho hilo hilo."

Tukaenda. Mama Leokadia alisikiliza hadithi ya jogoo akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, alipomaliza kusikiliza akamtazama Mama Fortunata, Mama Fortunata akasema, "Nisamehe dada," na wale wamama wawili wakakumbatiana pale mlangoni, wakaingia ndani wakaanza kuongea Kifipa kwa kasi ambayo mimi mwenyewe Mfipa sikuipata yote, ila jina langu nililisikia mara kadhaa na kila likitajwa wanacheka. Mimi na Fortunata tukabaki uani na kuku.

Kwa Padre nilikwenda Jumatatu. Aliniuliza swali moja tu, kama kweli yale mahubiri ni marefu. Nikasema, Baba, kwa kweli ni marefu. Jumapili iliyofuata alihubiri dakika kumi, na mpaka leo kuna watu kigangoni wanaonishukuru kwa hilo. Mwalimu Kasiani alitaka kuiona ile video yake akisinzia, akaiangalia yote, akaniambia kichwa kimeinama vizuri, nimtumie. Lakini alama za usemi alinikalisha akanifundisha upya, kana kwamba niko darasa la nne, akisema kwamba amekuwa akiwaambia watu miaka yote kwamba alama zile siyo urembo.

Tangazo la tatu la ndoa lilisomwa, safari hii nimeandika kwa mkono, na tukafunga ndoa. Sasa hivi tunaishi Kasanga, duka lipo, Fortunata anafundisha, na mama amekwisha kuja mara mbili, analalamika joto na anakula migebuka, wale samaki wa ziwani, kuliko sisi.

Skripti bado natumia, sitawadanganya, lakini niliapa mambo mawili na sijayavunja. La kwanza, jambo linalomhusu mtu analisikia kutoka kinywani mwangu, hata kama nitatetemeka. La pili, karatasi haitoki dukani kwangu kabla sijaisoma yote kwa sauti, kuanzia neno la juu mpaka la mwisho, iwe barua ya kikao au orodha ya mizigo ya boti. Nasimama pale mbele ya printa, nimeishika kwa mikono miwili, midomo inatembea. Wateja wageni wakinikuta hivyo huvua kofia na kusubiri mlangoni, wanadhani nasali. Siwasahihishi, maana kusema kweli ninachofanya hakiko mbali sana na sala.